Jina la Kumi na Mbili kwenye Karatasi ya Baba

Marehemu Akberali Dilawar
Tabora 1936 – Toronto 2012

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ya Machi uliporudi kutoka huko kwako uwanjani, ukavua viatu mlangoni, ukamwomba Mama chai isiyo na sukari, ukakaa kwenye kiti chako cha dirishani na usiinuke tena. Chai ilipoa mezani. Mama hakuimwaga mpaka kesho yake, na alipoimwaga alilia kuliko alivyolia makaburini.

Tunaandika haya kukukumbuka, kama familia nyingine zinavyofanya. Lakini tukisema kweli, mwaka huu hatukuwa tunakukumbuka tu, tulikuwa tunakushangaa. Ulituacha na fumbo, wewe uliyezoea kueleza kila kitu mara mbili, hata namna ya kumenya chungwa.

Kwanza tuseme tunayoyajua. Ulifanya kazi posta miaka ishirini na sita, ukipanga barua kwenye jengo kubwa lisilo na madirisha. Wenzako walikuletea bahasha zilizoshindikana: anwani imelowa, jina nusu, namba ya nyumba haipo. Hukukubali zirudishwe. Ulizigeuzageuza, ukaziinua kwenye taa, ukapiga simu huku na huku, na jioni ukatusimulia mezani jinsi barua ya bibi mmoja wa Kireno ilivyompata mwanawe. Sisi tulikuwa tunangoja umalize tuwashe televisheni. Utusamehe.

Ulikuwa mkarimu kwa namna ya kuudhi. Majirani wa jengo letu hapa Don Mills walijua kwamba ukikutana nao kwenye lifti hawatafika kwao kabla ya kunywa chai kwako. Kangethe wa ghorofa ya tisa, yule dereva wa teksi kutoka Nyeri, alikuwa anakutania: "Mzee Akberali, mimi nikiwa na haraka napanda ngazi." Siku ya mazishi yako alishika jeneza tangu mwanzo hadi mwisho, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia kwa kichwa.

Na uliogopa ndege. Hili nalo tunalijua vizuri sana. Mwaka 1998 tulipokwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya binamu Nazlin, ulisoma dua kwa sauti mpaka abiria wengine wakaanza kuogopa na wao. Tuliporudi uliapa hutapanda tena, na hukupanda.

Sasa mtu kama huyo anakwenda kufanya nini kila Jumamosi kwenye uwanja wa ndege?

Ulistaafu mwaka 2001, ukakaa miaka mitatu ukimsumbua Mama jikoni, kisha ukatangaza kwamba umepata kazi ya kujitolea huko Ellerby, mji mdogo wa wakulima, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari. Wakati wa vita kuu ya pili palikuwa na kambi ya kufundishia marubani. Vijana waliletwa kutoka pande zote, wakajifunza kurusha ndege ndogo za njano juu ya mashamba ya viazi, halafu wakapelekwa vitani. Wanawake wa mji ndio waliowapikia, wakawafulia, wakawakunjia parachuti. Vita vilipokwisha kambi ilifungwa, mabweni yakabomolewa, mabanda ya ndege yakafugiwa kuku. Lilibaki banda moja tu, na wazee wa pale wakaligeuza makumbusho. Huko ndiko ulikopeleka chupa yako ya chai ya tangawizi na mfuko wa vitafunio vya chevda alivyokaanga Mama, theluji ianguke isianguke.

Mwanao Hussain alikuuliza siku moja, "Baba, wewe na vita vya Wazungu wapi na wapi?"

"Nina kazi kule haijaisha," ulisema.

"Kazi gani?"

"Ya posta."

Tukacheka wote. Tulijua uzee umeanza.

Halafu kulikuwa na ule mluzi wako. Vidole viwili mdomoni, mlio mfupi, mlio mrefu, kisha unapanda juu mpaka masikio yanauma. Tulipokuwa watoto ulituitia huo kwenye maegesho ya magari, watu wanageuka, Mama anatamani ardhi immeze. "Akberali! Hapa si machungani!" Tulipouliza nani alikufundisha ulisema, "Rafiki yangu mmoja, zamani." Hatukuuliza zaidi. Hilo ndilo linalotuuma sasa, kwamba mara zote hatukuuliza zaidi.

Tuje kwenye karatasi. Kila Alhamisi baada ya magharibi uliitoa kwenye kijitabu cha Yasini, ukawasoma marehemu wetu kimoyomoyo, kila mmoja na jina la baba yake, midomo ikicheza tu, kisha ukainua kichwa nasi tukasoma Fatiha pamoja. Karatasi ilikuwa yako. Hakuna mwingine aliyewahi kuishika. Alhamisi ya kwanza baada ya kukuzika, Mama aliifungua ili akuandike na wewe. Alikuta majina kumi na mawili kwa mwandiko wako wa kuegemea kulia. Kumi na moja tuliwajua: Babu Dilawar, Bibi, ami zako, wazazi wa Mama. La kumi na mbili lilikuwa Wilfred bin Dilawar.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. Inara, binti yangu mimi Rukhsana, alikuwa ameegemea bega la bibi yake. "Nanima, who's Wilfred?"

"Sijui, mwanangu," alisema Mama, na akaiweka kalamu chini.

Hatukuwa na Dilawar mwingine, Baba. Dilawar ni baba yako, mwenye duka la nguo Tabora, mtu aliyeona safari ya Dodoma ni balaa. Wilfred mwana wa Dilawar katokea wapi?

Pengine jambo lingeishia nyumbani, ila Hussain, ambaye unamjua kwa haraka zake, alikuwa ameshaipiga picha karatasi na kuituma msikitini kwa ajili ya majlisi ya arobaini yako. Mulla akasoma kwenye kipaza sauti kama ilivyoandikwa. Alipofika la kumi na mbili alivuta pumzi kidogo, akasoma. Vichwa vikainuka upande wa wanaume, na upande wetu pazia likatikisika. Biriani ya siku ile ililiwa kwa minong'ono.

Asubuhi yake dada yako Zebunissa alipiga simu. "Rukhsana! Baba yangu alikuwa mtu wa swala tano. Huyo Mzungu mmemtoa wapi?"

"Shangazi, kaandika Baba mwenyewe."

"Basi alikuwa anaumwa!"

"Alikuwa mzima, Shangazi. Wiki ile aliyofariki alijaza chemsha bongo yote ya gazeti kwa kalamu ya wino."

"Futeni!" Akakata simu. Dakika mbili baadaye akapiga tena. "Msifute. Subirini kwanza nifikirie."

Mama hakufuta wala hakuandika. Miezi ikapita. Siku moja tulikuwa tunachambua dengu, mimi na yeye, akasema bila kuniangalia, "Miaka minane ya Jumamosi, Rukhsana. Mwanamume anayeogopa ndege."

"Unamaanisha nini, Mama?"

"Namaanisha huenda huyo si mtoto wa mkwe wangu. Huenda ni mtoto wa mume wangu, akafichwa chini ya jina la babu yake."

Nilicheka. Halafu nikaona hacheki, anaendelea kuchambua dengu ambazo zilikuwa safi tangu zamani.

Alikuombea kila siku, hilo ulijue. Alikuombea mpaka sauti ikamkauka. Lakini kwenye karatasi hakukuandika. Alisema hawezi kukulaza chini ya mtu asiyemjua. Na kwa kuwa hakutaka kulisoma jina lile, karatasi nzima ikakaa ndani ya Yasini, Alhamisi hadi Alhamisi, na Babu na Bibi na wengine wote wakakosa kutajwa kwa sababu yenu wawili. Mimi nilikukasirikia, Baba. Naona aibu kuandika hivi kwenye kumbukumbu, lakini ulitulea tuseme ukweli. Nilikukasirikia kwa sababu Mama alikuwa anakonda, na wewe peke yako uliyekuwa na jibu ulikuwa umeondoka nalo.

Mwezi uliopita nilikuwa napanga makoti yako kuyapeleka kwa wahitaji, nikakuta ufunguo mkubwa mfukoni. Ulikuwa na kibandiko: Ellerby.

Mama aliuchukua mkononi mwangu. "Ufunguo wa watu lazima urudi kwao," alisema. "Nitaurudisha mwenyewe."

Tulikwenda Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, Hussain akiendesha. Mama alivaa ile shali nyeusi anayoivaa akienda kwa watu anaotaka kuwagombeza. Theluji ilikuwa inayeyuka kwenye mitaro, mashamba yamejaa tope, na katikati ya tope lile limesimama banda moja kubwa la mbao, rangi imebambuka. Sikuelewa mtu anapendaje mahali kama pale.

Mlangoni alitungoja bibi mmoja mfupi, na buti za mpira na mkongojo. Alikuwa Verna Tuckwell, mwenye umri wa miaka themanini na tisa. Mama alimpima kwa macho kutoka kofia hadi buti. Nadhani alianza kupiga hesabu ya miaka, na hesabu ikamgomea.

"Wewe ndiye Shahbanu," Verna alisema, akamkumbatia kabla Mama hajajiandaa. "Tumekula vitafunio vyako miaka minane."

Mama hakungoja hata kuketi. Akiwa bado ameushika ufunguo, alimuuliza kwa Kiingereza chake cha dukani, "Wilfred ni nani?"

Verna alituangalia mmoja mmoja, kama mtu anayeona kwamba kumbe wageni hawajaambiwa. Akatupeleka hadi ukuta wa nyuma. Kulikuwa na picha nyingi za vijana, na moja ya kijana mwenye masikio yaliyochomoza, amesimama kando ya ndege yake, anacheka. Chini ya picha kulikuwa na ukurasa uliouandika wewe, Baba, kwa mwandiko ule ule wa kuegemea kulia. Nilimsomea Mama kwa Kiswahili:

"Huyu ni Wilfred Tansley. Alijifunza kurusha ndege hapa mwaka 1942. Mwaka uliofuata ndege yake iliharibika Tabora, Tanganyika, na yeye akashikwa na malaria. Wenzake waliendelea kwa treni. Alipopata nafuu alikuwa anatoka hospitali kuja kukaa barazani kwenye duka la baba yangu. Alitengeneza cherehani ya fundi wetu. Mama yangu alimpikia uji wa mchele. Mimi nilikuwa na miaka saba, akanifundisha kupiga mluzi. Homa ikarudi, akafa baada ya siku mbili. Baba yangu alitoa marikani ya kumzikia. Alhamisi, msomaji wa majina msikitini akauliza, huyu ni bin nani? Hakuna aliyejua. Baba akasema, mwandikeni kwangu mpaka tutakapompata wa kwake. Baba amefariki hajampata. Nimekuja hapa kumtafuta."

Hussain alikuwa nyuma yetu. "Kazi ya posta," alisema polepole.

Mama alibaki akiangalia picha. Kisha akanigeukia. "Muulize. Alimpata?"

Verna alifungua sanduku la bati, akatoa fomu moja iliyopauka, ile aliyojaza Wilfred siku aliyoingia kambini. Akaweka kidole chake kilichopinda kwenye mstari wa jina la baba. Palikuwa pameandikwa "hajulikani". Alikuwa amelelewa kwenye nyumba ya yatima. Na pale pa mtu wa kuarifiwa ikitokea ajali, kijana alikuwa ameandika jina la mpishi wa kambi, mama yake Verna.

"Alikuwa anakula kwetu kila Jumapili," Verna alisema. "Alipenda ule ukoko wa pai ulioungua, tulikuwa tunamwekea. Telegramu ya kifo chake ililetwa kwetu. Mama yangu aliisoma ana unga mikononi, na hatukujua hata huko Tabora ni wapi, wala kama kulikuwa na mtu yeyote karibu naye. Miaka sitini hatukujua. Mpaka Akberali alipoingia kwa mlango huu."

"Na alipoiona fomu alisema nini?" niliuliza.

"Ilikuwa mwaka 2009, fomu ilipopatikana hatimaye kwenye kumbukumbu za jeshi. Aliishika muda mrefu. Nikamwambia, basi rafiki yangu, kazi yako imekwisha. Akasema, bado, sasa ndiyo najua kwamba atabaki na wa kwetu. Na Jumamosi iliyofuata akarudi. Kuna wengine wengi ukutani hapa ambao hatujui watu wao."

Halafu Verna akaanza kucheka. Alisema Wilfred alikuwa mtundu, hakumwita mtu kwa jina, alikuwa anakuja nyumbani kwao na unamsikia tangu barabarani. Akaweka vidole viwili mdomoni. Kwa meno yale ya bandia nusu ilitoka hewa tupu, lakini mluzi ulikuwa ule ule. Mlio mfupi, mlio mrefu, kisha ukapanda juu mpaka chini ya paa.

Mama aliziba masikio. "Akberali!" alisema kwa ukali. "Hapa si machungani!"

Kisha akasikia alichokisema. Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona akalia, na Verna akakaa naye, wameshikana mikono, kila mmoja akisema kwa lugha yake. Mimi na Hussain tukatoka nje kusimama kwenye tope. Sijui walizungumza nini. Ufunguo Verna aliukataa. Alisema ni wa familia.

Hatukuelewa, na mpaka leo hatuelewi, kwa nini hukutuambia. Hussain anadhani ilikuwa ahadi ya babu yake, ukaona ni yako peke yako. Mama anasema uliogopa tutasema Mzungu haombewi, na hilo tungelisema kweli, tukitanguliwa na Shangazi, aliyezaliwa baada ya Wilfred kuzikwa. Mimi nadhani ulijaribu. Nakumbuka jioni moja, na sasa najua ilikuwa mwaka 2009, niliwatembelea, nikiwa kwenye simu ya kazi. Uliingia na koti lako, ukasimama mbele yangu, ukasema, "Rukhsana, leo nimepata jibu la barua ya zamani sana." Mimi nikainua kidole: ngoja kidogo. Ulingoja. Kisha ukaenda kuvua viatu. Simu ile ilihusu nini sikumbuki kabisa. Kidole changu ndicho ninachokikumbuka.

Alhamisi iliyopita, baada ya magharibi, tulikusanyika wote. Shangazi Zebunissa alikuwa kwenye simu mezani, sauti imefunguliwa. Mama alitoa karatasi kwenye Yasini, akaomba kalamu, na chini ya jina la kumi na mbili akakuandika, taratibu, kama mtoto wa shule. Kisha akasoma. Hakusoma kimoyomoyo kama ulivyokuwa ukisoma wewe. Alisoma kwa sauti, majina yote, mpaka mwisho.

"Wilfred bin Dilawar. Akberali bin Dilawar."

Inara akachungulia karatasi. "So they're brothers?"

Tukamwangalia Mama.

"Ndiyo," alisema Mama. "Soma Fatiha."

Na Shangazi ndiye aliyeanza.

Unakumbukwa na mkeo Shahbanu, ambaye chai yako bado anaipika bila sukari, watoto wako Hussain na Rukhsana, mkweo Zahraa, wajukuu zako Inara na Nadim, wanaojifunza mluzi na kutukera, dada yako Zebunissa, aliyemaliza kufikiria, Kangethe wa ghorofa ya tisa, ambaye siku hizi anapanda lifti hata akiwa na haraka, na Verna Tuckwell wa Ellerby, ambaye kila Jumamosi bado anateleka chai ya watu wawili.

Hatutakusahau, Baba. Kila Alhamisi tutakutaja, wewe na kaka yako, kwa sauti.